Bitana ya Koti la Mhunzi

Jua lilikuwa limeshakaa juu ya mapaa, likitafuta pa kushukia, Mhunzi alipopigiwa simu na mkewe kwa mara ya tatu.

"Koti lako liko tayari kwa Mama. Lipitie kabla hajafunga. Au kesho utasimama mbele ya wageni na lile lililochanika kwapa?"

"Nalipitia."

"Unalipitia, unalipitia. Tangu juzi."

Mume akakata simu, akabaki amekaa. Hakuwa mvivu wa kutembea. Duka la mama mkwe lilikuwa umbali wa mitaa miwili tu. Lakini zipo njia fupi ambazo mwenye deni la moyoni huziona ndefu kama jangwa, na hii ilikuwa mojawapo.

Kazini walimwita Mhunzi, ingawa hakuwahi kushika nyundo maishani mwake. Alitengeneza michezo ya kompyuta, ile ya mapanga na majoka, na kazi yake ilikuwa kuwavika wapiganaji chuma: chapeo kichwani, dirii kifuani, mabamba ya magotini. Mama mkwe, fundi cherehani wa miaka arobaini, alipenda kumtania mbele ya ndugu. "Mkwe wangu anafua chuma akiwa kwenye kiti chenye magurudumu," alikuwa akisema, "na jasho halimtoki." Watu walicheka, naye akacheka nao. Siku hizo bado aliweza kumtazama machoni.

Kesho yake mchezo wao ungeonyeshwa kwa wageni kwa mara ya kwanza, na kilichowavuta wageni hakikuwa vita wala majoka. Kilikuwa kabati. Mchezaji aliweza kumvika mpiganaji wake matabaka saba, moja juu ya jingine: fulana ya kitani, kizibao cha pamba, deraya ya vikuku vya chuma, dirii, mkanda, koti la ngozi, na joho juu ya yote. Aliweza kuchagua rangi, kitambaa, kifungo, hata mkunjo wa kola. Wala nguo haikutoboa chuma, wala chuma hakikumeza nguo. Watu waliojua kazi hiyo walitikisa vichwa kwa mshangao, na wote walijua kwamba matabaka yale ni kazi ya mikono ya Mhunzi.

Walijua uongo.

Aliyeyashona alikuwa shemeji yake, mdogo wa mkewe, aliyekaa meza ya jirani. Binti yule alichukua nguo halisi za mama yake, akazipiga picha mshono kwa mshono, kisha akazichora upya ndani ya kompyuta kwa subira ya mtu afumaye pazia la hekalu. Na juu ya fulana ya ndani kabisa, chini ya mtulinga wa kushoto, aliweka alama ambayo mama yake huiweka kwenye kila vazi analolimaliza: misalaba mitatu midogo ya uzi mwekundu.

Kisha akaugua. Wiki tatu tu. Kitandani alimshika Mhunzi mkono wa shati, vidole vyake vikiwa vyepesi kama njiti.

"Shem. Ile kazi ni ya Mama na mimi. Jina lake liandikwe. Usiache."

"Nitaliandika."

Mwezi mmoja baada ya mazishi, mkuu wa ofisi alisimama nyuma ya kiti chake, akatazama kioo cha kompyuta kwa muda mrefu, akauliza, "Nani alishona haya?"

Mhunzi akajibu kwa neno moja.

"Mimi."

Ile misalaba mitatu ilibaki. Ilikuwa imefumwa pamoja na kitambaa. Kuifumua kungeharibu fulana nzima. Ndipo alipokumbuka kanuni ya kazi yao. Tabaka likifunika tabaka, la chini huwa linachungulia kupitia la juu, kama kidole kwenye soksi mbovu. Kwa hiyo mafundi wa michezo huondoa kila ambacho jicho halitakiona. Kilichofunikwa kinafutwa. Hakuna anayejua, kwa kuwa hakuna anayechungulia. Basi Mhunzi akakifunga kile kizibao cha pamba ili mchezaji asiweze kukivua kamwe, na chini yake akafuta fulana, na alama, na kifua chenyewe. Wapiganaji wake wote wakawa watupu ndani. Alitenda kama yule mtu wa Agano la Kale aliyefukia joho zuri la wizi chini ya hema lake, akadhani udongo ni pazia mbele za Mungu.

Hayo yalitokea mwaka mmoja uliopita. Sasa akasimama, akaenda kuchukua koti.

Duka lilinuka pasi ya moto juu ya kitambaa kibichi, na mafuta ya cherehani. Mashine zilikuwa mbili. Ya mama ilikuwa karibu na mlango. Ya binti ilikuwa pembeni, imefunikwa kwa kitambaa cheupe.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Nilidhani umepotea njia."

"Kazi, Mama. Kesho ndiyo siku."

"Nimesikia." Alilitoa koti kwenye kiango, akalipangusa bega taratibu. "Jina la mwanangu mmeliweka?"

"Lipo, Mama."

"Liko wapi?"

"Tabaka la ndani kabisa. Kwenye fulana. Ile alama yenu."

"Na juu yake mmeweka nguo nyingine."

"Ndiyo. Ndivyo mchezo ulivyo."

"Kwa hiyo halionekani."

"Halionekani. Lakini lipo."

Mama mkwe alimshikia koti, naye akageuka, akatia mikono. Akamfunga vifungo mwenyewe, kimoja kimoja, kuanzia chini, kama mtu amfungavyo mtoto wa kwenda shule. Alipofika cha juu, akasimama.

"Limekukaa," alisema. "Kila jioni nakuombea."

"Asante, Mama."

"Usinishukuru bado."

Mhunzi alitoka akiwa na haraka ambayo hakuielewa. Aliamua kupita ofisini kuukagua mchezo mara ya mwisho. Njiani upepo wa jioni ulivuma, watu wakajikunja, lakini yeye hakuhisi baridi kifuani. Hakuhisi joto pia. Akaitia simu kwenye mfuko wa ndani wa koti, akaupigapiga kwa kiganja, kama ilivyo desturi yake.

Kiganja kikazama.

Akasimama katikati ya njia. Akagusa tena, taratibu... Kitambaa kilikuwa kimelala sawa. Amechoka, alijiambia. Hajala tangu asubuhi.

Ofisini wenzake walikuwa wameshaondoka. Mwanga wa mwisho wa jua uliingia kwa madirisha ukiwa mwekundu. Kioo cha kompyuta yake kilikuwa kinawaka, ingawa alikumbuka kukizima, na juu yake yule mpiganaji mkuu alikuwa akijizungusha polepole, kama nguo kwenye sanamu ya dukani.

Mhunzi alikaa. Mpiganaji akazunguka. Mgongo. Bega. Uso.

Akaacha kuzunguka.

Mhunzi hakuwa amegusa kitu. Akashika kipanya, akabofya. Hakikusikia. Kisha akanusa... pasi ya moto. Kitambaa kibichi. Na kutoka mahali fulani, mbali kama chumba cha tatu, ikaja sauti.

Tak-tak-tak-tak.

Joho likaanguka kutoka mabegani mwa mpiganaji. Likafuata koti la ngozi. Mkanda ukafunguka. Dirii ikateleza, deraya ikamwagika vikuku kwa vikuku bila mlio. Kikabaki kizibao cha pamba, kile alichokifunga kwa mikono yake mwenyewe kisivuliwe milele.

Kifungo cha kwanza kikafunguka.

Cha pili.

Ndani hapakuwa na kitu, naye alijua hapatakuwa na kitu. Palikuwa na shimo tu, na ndani ya shimo upande wa nyuma wa kizibao. Lakini pale ndani, mahali ambapo hakuna jicho lililopaswa kufika, palishonwa misalaba mitatu midogo. Myekundu.

Cherehani ikanyamaza.

"Shem..." Sauti ilikuwa karibu na sikio lake, nyepesi kama uzi. "Wewe umevaa nini ndani?"

Hakugeuka. Aliinamisha kichwa, akafungua koti lake.

Hapakuwa na shati.

Hapakuwa na kifua.

Palikuwa na bitana ya mgongo wa koti, safi, imepigwa pasi, na juu yake uzi mwekundu.

Alilivua koti kama mtu anayevua moto, akalitupa. Mwili ukarudi, na shati lake, lakini si mara moja. Ukarudi kama damu inavyorudi kwenye mguu uliokufa ganzi, kwa sindano elfu. Akalivuta shati ajifunike, na pale shati lilipogusa kifua pakaanza kufifia tena. Akalichana. Akakaa sakafuni kifua wazi, akihema, akijipapasa mbavu moja moja. Miguu ilikuwa imeachwa salama ndani ya suruali. Ghadhabu iliyomjia ilijua ilichokuja kutafuta. Wazazi wetu wa kwanza walipokosa walitafuta majani wajisitiri, na wakapata angalau majani. Mhunzi alinyimwa hata hayo. Kanuni aliyoitumia kwa wengine ilikuwa imemgeukia mwenyewe: kilichofunikwa, kinafutwa.

Nyumbani mkewe alimtazama juu hadi chini.

"Mbona kifua wazi kama bondia? Na koti?"

"Nimeliacha ofisini. Joto."

"Joto gani? Mimi nimevaa sweta."

Mhunzi alilala juu ya shuka, si chini yake, akitetemeka hadi alfajiri.

Asubuhi aliingia ukumbini akiwa na shati lisilofungwa. Wageni walikuwa wameketi. Wenzake wakanong'onezana na kucheka. Mmoja akamuuliza kama anakwenda kuogelea. Mkuu alimsogelea huku akiwatabasamia watu, akasema bila kufungua meno, "Funga vifungo. Sasa hivi."

Akafunga cha kwanza. Cha pili. Alipofunga cha tatu pumzi ilimtoka, wala haikuwa na pa kurudia. Alifungua mdomo aseme habari ya kabati lake, matabaka yake, usiku wake wa kazi, na hakuna neno lililotoka, kwa kuwa maneno hutoka kifuani, na kifua hakikuwapo. Katika kioo kikubwa nyuma yake mpiganaji alikuwa akizunguka. Mhunzi alijua kwamba mpiganaji yule angesimama, na angeanza kuvua, mbele ya watu wote.

Akavifungua vifungo kwa pupa. Hewa ikaingia.

"Si yangu," alisema. "Hakuna uzi hata mmoja ulio wangu. Ni ya shemeji yangu aliyekufa, na mama yake aliyemfundisha. Niliulizwa, nikasema ni mimi. Alama yao niliifuta."

Alitoa mfukoni diski ya marehemu, iliyohifadhi kazi yake ya awali, akairudisha fulana ya kitani mbele ya macho yao, na misalaba mitatu ikawaka kwenye kioo kipana kama ukuta. Akaandika jina la mama na jina la binti, akafuta lake. Hakuna aliyepiga makofi. Mkuu alimpokonya kipanya, akamwambia aache funguo mezani na atoke.

Nje alilifunga shati. Kikawapo kifua. Akalia palepale kwenye ngazi za jengo, mtu mzima mwenye ndevu, kwa furaha ya kuhisi pamba ikimkwaruza ngozi. Lakini alipokohoa alihisi upepo ukipita mahali ambapo upepo haupiti. Chini ya mtulinga wa kushoto palibaki tundu, dogo kama kifungo.

Jua lilipoanza kushuka alikuwa amepiga magoti mbele ya mama mkwe. Alimwambia yote. Mama hakumkatiza. Alipomaliza, mama alimwekea mkono kichwani.

"Nilijua," alisema. "Mke wako alinionyesha picha kwenye simu, anajivunia mumewe. Nikaona mkunjo wa kola. Mkunjo ule nilimfundisha marehemu mwanangu peke yake. Nikangoja uje useme. Hukuja."

"Nisamehe, Mama."

"Sikiliza kwanza. Nilikaa hapa jioni arobaini, nikaomba yale maombi makali ya wadhulumiwa. Kwamba aliyejivika cha mwanangu, avikwe aibu kama joho. Kwamba vazi limle. Niliomba kwa hasira, mwanangu, nikijua kisasi si changu."

"Basi omba liishe. Toa ile bitana uliyoishona."

Mama mkwe alimkazia macho.

"Bitana gani?"

"Ya koti."

"Koti lako halina bitana. Nilishona kwapa tu."

Wote wawili waligeuka kuitazama ile mashine ya pembeni. Kitambaa cheupe kilikuwa kimeteleza upande mmoja. Sindano ilikuwa imetungwa uzi, na uzi ulikuwa mwekundu.

"Mimi nilimwomba Mungu," alinong'ona yule mama. "Sikumwita mwingine. Lakini nilikuwa nikilia jina la mwanangu nilipoomba... na sijui ni nani aliyesikia."

Alimsimamisha. Akafungua kifungo cha juu cha shati lake, akaona lile tundu, akafumba macho.

"Kuna kitu bado umekifunika. Mkeo, dada yake, umemwambia? Yeye ndiye aliyemwosha mdogo wake kwa mikono yake."

Hapo ndipo mlango ulipokuwa wazi. Ilikuwa hatua moja. Lakini Mhunzi aliyawaza macho ya mkewe, jinsi yanavyomtazama kila anaporudi kazini, na akaona kwamba anaweza kupoteza kazi, na jina, na heshima ya ukoo mzima, ila si macho yale.

"Nimemwambia, Mama."

"Amesemaje?"

"Amelia. Amenisamehe."

"Ashukuriwe Mungu," mama mkwe alisema, na machozi yakamtoka. "Basi nenda. Na usiache jambo lolote limefunikwa. Hata moja."

Mkewe alimpokea mlangoni na mwiko mkononi.

"Haya, niambie. Yalikwendaje?"

"Vizuri."

"Na mdogo wangu? Walimtaja?"

"Walimtaja. Mbele ya watu wote. Mimi ndiye niliyeomba atajwe."

Alimkumbatia kwa nguvu, akacheka, akajifuta machozi kwa kanga. "Nilijua. Nilimwambia Mama, mume wangu hawezi kumsahau." Akarudi jikoni akiimba wimbo wa ibada, na kila ubeti ulimchoma Mhunzi kuliko sindano za jana. Kesho, alijiapiza. Kesho asubuhi nitamwambia. Alijilaza kwenye kochi, shati wazi, apumzike kidogo tu kabla ya chakula. Usingizi ukamwangukia kama gunia.

Aliposhtuka hakuweza kuinua kope vizuri. Taa ilikuwa imewashwa. Mkewe alikuwa ameinama juu yake na kitu cheupe mikononi.

"Kifua wazi tena. Utaumwa wewe." Alikikung'uta, na harufu ya pasi ya moto ikajaa chumbani. "Unaijua hii? Shuka ya mdogo wangu. Aliishona mwenyewe, sikuwahi kuitoa sandukuni. Leo nimeitoa. Kwa ajili yako."

Mhunzi alitaka kusema. Alilitafuta neno, akalipata, akalivuta.

Shuka ikashuka juu ya kifua chake.

Neno likakosa pumzi.

Mahali fulani, mbali kama chumba cha tatu, cherehani ilianza. Tak-tak-tak. Mkewe aliivuta shuka hadi kidevuni, akaichomeka pande zote mbili kwa uangalifu, na pindo lenye misalaba mitatu likamgusa midomo. Macho ya Mhunzi yalimsihi. Naye aliyaona, akayatabasamia, kwa kuwa alidhani ni usingizi.

"Lala, mume wangu. Usiseme kitu."

Kisha akaanza kuinyoosha shuka kwa kiganja, kutoka shingoni kuelekea kiunoni, mkunjo mmoja baada ya mwingine, kama mama yake alivyomfundisha. Kiganja kikateleza. Hakikupanda popote, hata palipopaswa kuwa na kifua.

Kikasimama.